Bwana Alcock na Kombe la Pauni 20

Mwaka huu mhariri ametuomba tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufa zamani. Wenzangu wengi wamechagua wafalme, washairi na wapigania uhuru, nao wamefanya vyema. Mimi nimemchagua mtu wa mpira. Najua wako watakaoguna. Lakini subirini kwanza, maana mtu huyu ndiye aliyelianzisha kombe la kwanza la taifa la mtoano duniani, mashindano ya aina ile ile yanayotuliza sisi hapa shuleni kila mwaka: ukifungwa leo, kesho ubaki nyumbani.

Jina lake ni Charles William Alcock. Alizaliwa tarehe 2 Desemba 1842 katika mji wa Sunderland, kaskazini mashariki mwa Uingereza, mji wa viwanda vya meli. Jamaa zake walikuwa watu wa biashara ya meli, tena wenye mali. Baadaye familia ilihamia kusini, mahali panapoitwa Chingford, karibu na msitu wa Epping nje ya London, na vijana wakapelekwa shule ya Harrow. Hiyo ni shule ya bweni ya watoto wa wakubwa. Sisi wa kutwa, tunaokuja shule kwa miguu na matatu, hatungepita hata langoni.

Lakini kilichochezwa huko ndicho kinachotuhusu. Wanafunzi wa Harrow walikaa katika nyumba mbalimbali, kama vile mabweni ya shule zetu yanavyokuwa na majina yake, na kila mwaka nyumba hizo zilipambana kwa mpira. Nyumba ikishindwa imetoka. Zilizobaki zinakutana tena, zinapungua, mpaka inabaki moja tu, nayo huitwa Nyumba ya Jogoo. Hakuna kuhesabu pointi, hakuna kungoja fulani afungwe ndipo wewe upite. Walioandika habari za Alcock wengi wanakubaliana kwamba wazo lake alilitoa hapo. Kwa hivyo jambo hili kubwa lilianzia kwa wanafunzi, si kwa wazee wa chama chochote. Naomba walimu wa michezo walikumbuke hilo.

Alcock alimaliza Harrow mwaka 1859. Mwaka huo huo yeye na kaka yake John wakaunda timu yao, wakaiita Forest, yaani msitu, kwa sababu uwanja wao ulikuwa ukingoni mwa ule msitu wa Epping. Mwaka 1863 John alikuwa miongoni mwa watu waliokutana London kuunda chama cha kandanda cha Uingereza, hiki kinachoitwa FA hadi leo. Mwaka uliofuata Forest ikageuka ikawa Wanderers. Neno hilo maana yake ni watembezi, na lilifaa, maana timu haikuwa na uwanja wake yenyewe. Leo inacheza kwa huyu, kesho kwa yule.

Charles naye akaingia katika kamati ya FA mwaka 1866. Mwaka huo huo, inasemekana, akawa mchezaji wa kwanza anayejulikana kuadhibiwa kwa kuotea baada ya sheria kubadilishwa. Mimi hapo nilicheka peke yangu maktabani hadi nikakodolewa macho. Mwanakamati anapitisha sheria, kisha yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kunaswa nayo!

Mwaka 1870 alichaguliwa kuwa katibu wa FA. Alikuwa na miaka 27. Kazi yake ya kila siku ilikuwa uandishi wa habari za michezo, na tangu 1868 alikuwa akihariri kitabu cha kila mwaka cha habari za kandanda. Kwa hivyo aliijua hali kuliko wengi. Na hali yenyewe ilikuwa hivi: kila shule na kila mji una sheria zake, timu zinacheza mechi za kirafiki tu, na mwisho wa msimu kila mtu anadai yeye ndiye bora. Kama vile hapa kwetu kila darasa linavyojisifu kabla ya siku ya michezo. Nani atabisha, na kombe la kuamulia halipo?

Basi tarehe 20 Julai 1871, watu 7 walikutana katika ofisi ya gazeti la michezo la The Sportsman jijini London. Alcock akatoa pendekezo fupi sana: chama kiwe na kombe, na klabu zote za chama zialikwe kulishindania. Wakakubali. Kombe likatengenezwa kwa pauni 20 hivi, dogo tu, lenye sanamu ya mchezaji juu ya kifuniko. Fedha zenyewe zilichangwa na klabu. Klabu ya Queen's Park ya Glasgow, huko Scotland, ilitoa gini moja, yaani pauni 1 na shilingi 1. Tafadhali msomaji, iweke hiyo gini mfukoni, tutairudia.

Klabu za FA wakati huo zilikuwa kama 50. Zilizojiandikisha zilikuwa 15. Karibu zote zilikuwa za London na jirani zake. Mbili tu ndizo zilizotoka mbali. Ya kwanza ni hiyo Queen's Park. Ya pili ilikuwa shule! Ndiyo, shule ya Donington, katika jimbo la Lincolnshire, wanafunzi kama sisi, walijiandikisha kucheza pamoja na wanajeshi na watu wazima wenye ndevu. Mimi jambo hili nililisoma mara tatu. Hebu fikiria mwalimu wetu wa michezo anatuandikisha tushindane na Gor Mahia na AFC Leopards, na barua inarudi imekubaliwa.

Kura ikawapanga Donington na Queen's Park. Sasa nani amfuate nani? Kutoka Lincolnshire hadi Glasgow si safari ya kwenda na kurudi kabla ya chakula cha jioni. Hawakuelewana. Timu zote mbili zikapitishwa raundi ya kwanza bila kucheza, na zikapangwa pamoja tena raundi ya pili. Donington wakajitoa. Hawakucheza hata dakika moja, wala hawakuingia tena katika kombe hilo.

Msimu wenyewe ulianza Novemba 1871, na ukiusoma leo utashangaa jinsi ulivyokwenda ovyo. Timu 3 kati ya zile 15 hazikugusa mpira kabisa. Wanderers, timu ya katibu wetu, walipangwa na Harrow Chequers, timu ya watu waliosoma Harrow. Chequers wakajitoa. Wanderers wakapita bure. Raundi ya pili wakawashinda Clapham Rovers. Raundi ya tatu wakatoka sare na Crystal Palace, na sheria ya mwaka ule iliruhusu wote wawili wasonge mbele, basi wakasonga. Wakafika nusu fainali wakiwa wameshinda mechi moja tu. Narudia: moja.

Huko nusu fainali nani aliwangoja? Queen's Park, ambao nao walikuwa wamepitishwa mpaka hapo kwa sababu ya umbali.

Nusu fainali zote zilikuwa zichezwe London, katika uwanja wa kriketi wa Kennington Oval. Kutoka Glasgow kwenda London kwa gari la moshi ni kama kilomita 650, yaani kama kutoka Mombasa ukapita Nairobi ukafika Nakuru. Vijana wa Queen's Park hawakuwa na mali. Watu wa Glasgow wakachanga nauli, na mwanzoni mwa Machi 1872 timu ikasafiri. Wakacheza na Wanderers, mabingwa wa chenga, na wale Waskoti walipigiana pasi kwa namna ambayo watu wa London hawakuizoea. Dakika zikaisha, 0-0. Ilitakiwa warudiane, tena pale pale London.

Nauli ya kubaki au kurudi tena haikuwapo. Queen's Park wakapanda gari la moshi wakaenda zao. Hawakufungwa bao hata moja katika mashindano yale, lakini walitoka. Klabu iliyotoa gini yake kulinunua kombe ilizuiwa na nauli isiliguse. Na Wanderers wakaingia fainali.

Hapa naomba niseme yangu kidogo. Mwaka jana timu yetu ya shule ilifika robo fainali katika mashindano ya wilaya. Tulipangiwa kucheza mbali, katika shule moja ya bweni. Gari tulilokodi halikutokea. Mwenyewe alikuwa amepata abiria wa kulipa zaidi. Tukachanga shilingi zetu za chai, tukapanda matatu tatu tofauti, wengine wakiwa wameshika jezi mikononi, na tulipofika waamuzi walikuwa wamekwisha kuandika kwamba hatukuja. Tulisimama kando ya uwanja tukatazama wenyeji wakifanya mazoezi. Golikipa wetu alikuwa hajafungwa hata bao moja muhula ule wote. Ndiyo maana niliposoma habari ya Queen's Park sikuweza kuipita haraka haraka. Wasomaji wa shule za bweni mnisamehe nikikaa hapo.

Haya, fainali. Ilikuwa Jumamosi tarehe 16 Machi 1872, hapo hapo Oval. Wapinzani wa Wanderers walikuwa Royal Engineers, maafisa wahandisi wa jeshi la Malkia, na watu wengi waliamini wanajeshi hao watashinda. Kiingilio kilikuwa shilingi 1, ambayo kwa wakati ule haikuwa pesa ya kuchezea, na watazamaji walikuwa kama 2,000.

Uwanja wa siku ile ungekuchekesha. Magoli hayana nyavu. Mwamba wa juu haupo, umefungwa utepe tu. Penalti haijabuniwa, ilikuja mwaka 1891. Kila bao likifungwa, timu zinabadilishana upande. Na wachezaji hawajipangi kama tunavyojua leo: Wanderers walikuwa na washambuliaji 8, na nyuma wamebaki watu wawili tu pamoja na mlinda lango. Akishika mpira mtu anakwenda nao mpaka anyang'anywe, na wenzake wanamfuata nyuma kama nyuki.

Mechi ilipokuwa changa bado, kama dakika ya 10, Luteni Creswell wa wanajeshi alivunjika mtulinga. Wachezaji wa akiba hawakuwapo siku hizo. Creswell hakutoka. Alikwenda kusimama pembeni na kucheza na maumivu yake hadi filimbi ya mwisho. Wale wenzetu wanaoanguka wakiguswa tu na kuomba maji wasome mstari huo tena.

Dakika ya 15 hivi, kijana Walpole Vidal, mwenye miaka 18, akawapiga chenga wanajeshi mmoja baada ya mwingine, mpira ukamfikia mwenzake aliyekuwa pembeni, naye akaachia shuti la pembe nyembamba, likaingia. Wanderers 1, Royal Engineers 0. Alcock mwenyewe baadaye alitia mpira golini lakini bao likakataliwa, kwa kuwa mwenzake mmoja alikuwa ameushika. Ikabaki 1-0. Kombe hawakupewa uwanjani kama leo. Walikabidhiwa tarehe 11 Aprili katika chakula cha jioni kwenye mgahawa mmoja wa London, na aliyelikabidhi ni rais wa FA, Bwana Morley.

Sasa ninafika pale penye utata. Magazeti yaliandika kwamba mfungaji wa bao lile ni A. H. Chequer. Mtu huyo hakuwapo duniani. Jina lake la kweli lilikuwa Morton Betts, naye alikuwa mwanachama wa Harrow Chequers, ile timu iliyojitoa mbele ya Wanderers katika raundi ya kwanza! Ongeza haya: Betts alikuwa mwanakamati wa FA. Mwamuzi wa fainali, Alfred Stair, alikuwa mweka hazina wa FA. Kapteni wa washindi, Alcock, alikuwa katibu wa FA, mwenye wazo la kombe, na mmoja wa waliotunga kanuni zake.

Niliposimulia habari hii katika mkutano wetu wa chama wa Ijumaa, ukumbi ulilipuka. Dada mmoja wa kidato cha nne, ambaye hoja zake mnazijua, alisimama akasema huyo ni mpishi aliyejipakulia nyama yote akaachia wageni mchuzi. Wengi wakampigia makofi. Wachache tulibisha. Mimi nilisema, na bado nasema, kwamba habari ya Betts ni ndogo. Lile jina lake la uongo lilijieleza lenyewe, A. H. Chequer, mtu wa Harrow Chequers. Mtu anayeiba hajiandiki jina la alikotoka. Tena Kapteni Marindin wa Royal Engineers alikuwa katika kamati ile ile ya FA, na alicheza fainali hiyo upande wa walioshindwa. Kandanda nzima ya London ilikuwa kama ukoo mmoja. Lakini Queen's Park hawakuwa wa ukoo, na kwao sina jibu la kuwatetea Wanderers. Kanuni iliyosema njia zote ziende Oval iliandikwa na watu wanaokaa karibu na Oval.

Ndiyo maana sikutaka kuyamalizia maisha yake mwaka 1872, ingawa wengi wanaomtaja huishia hapo. Aliishi miaka 35 zaidi, na mimi naona miaka hiyo ndiyo ya kumpimia.

Kwanza, mwaka huo huo wa 1872 aliajiriwa kuwa katibu wa klabu ya kriketi ya Surrey, iliyocheza katika uwanja wa Oval, kazi aliyoifanya hadi kufa. Alichangia kuandaa mechi kubwa ya kriketi ya Uingereza na Australia mwaka 1880, ya kwanza ya aina yake katika ardhi ya Uingereza. Kriketi siijui vizuri, kwa hivyo nairuka.

Pili, Novemba 30 mwaka huo huo, England na Scotland zilicheza Glasgow mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza rasmi ya kimataifa. Alcock ndiye aliyekuwa akizichochea mechi za namna hiyo tangu 1870 kwa kuandika barua magazetini. Wachezaji wote 11 wa Scotland walikuwa wa Queen's Park. Safari hii Waingereza ndio waliopanda gari la moshi. Ikaisha 0-0 tena. Alcock alikuwa ameumia, akafanya kazi ya mwamuzi msaidizi.

Tatu, kombe. Wanderers walilishinda tena 1873, kisha 1876, 1877 na 1878. Kanuni ilisema atakayelishinda mara tatu mfululizo analichukua liwe lake daima. Wanderers walikuwa na haki ya kwenda nalo nyumbani na kulifungia kabatini. Alcock akalirudisha kwa FA kwa sharti moja, kwamba tangu siku hiyo klabu yoyote isiruhusiwe kulimiliki moja kwa moja. Pale chamani nilipofika hapa, yule dada wa kidato cha nne alinyamaza kidogo. Kidogo tu.

Halafu ukaja mwaka 1879. Timu ya Darwen, mji mdogo wa viwanda vya nguo huko Lancashire, ilifika robo fainali na kupangwa na Old Etonians, timu ya mabwana waliosoma shule ya Eton. Wafanyakazi wa viwandani wakasafiri mpaka Oval. Zikiwa zimebaki kama dakika 15 walikuwa wamefungwa 5-1. Wakafunga manne, ikawa 5-5. Mabwana wakakataa muda wa ziada. Basi rudini Lancashire, changeni nauli nyingine, njooni tena. Wakaja. Sare 2-2. Wakachanga tena mjini kwao, safari hii FA yenyewe ikatoa pauni 10 na Old Etonians wakatoa 5. Wakaja mara ya tatu, miguu imekwisha, wakafungwa 6-2. Mtu afanye kazi kiwandani wiki nzima, kisha alale kwenye gari la moshi, kisha acheze na mtu aliyelala kitandani kwake!

Lakini mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa. Tarehe 31 Machi 1883, Blackburn Olympic, timu yenye mfumaji, msokota nyuzi na fundi bomba, iliwafunga Old Etonians 2-1 katika muda wa ziada, na kombe likaenda kaskazini. Bao la ushindi lilifungwa na Jimmy Costley, msokota nyuzi. Kabla ya mechi timu ilipelekwa Blackpool kwa mazoezi, jambo ambalo mabwana wa kusini waliliona kuwa si la kiungwana. Tangu siku hiyo hakuna timu ya mabwana iliyolishika tena kombe lile.

Hasira zikawaka London. Watu wakasema hawa wa kaskazini wanalipwa, na kulipwa ni haramu. Mwaka 1884 klabu ya Upton Park iliwashtaki Preston North End, na bosi wa Preston akakiri waziwazi kwamba ndiyo, wanawalipa wachezaji. Wakatolewa mashindanoni. Wengi katika FA walitaka wote wanaolipwa wafukuzwe, mpira ubaki mchezo wa wenye nafasi na fedha zao. Mtu wa Harrow, mtoto wa matajiri wa meli, ungetegemea apige kura upande gani?

Alcock alisimama upande wa kulipwa. Yeye aliona kwamba mtu anayeacha mshahara wa kiwandani Jumamosi ili acheze, na maelfu wamelipa kumtazama, haibi akipewa pesa. Mabishano yalikuwa makali na yalichukua zaidi ya mwaka. Mwishowe malipo yalihalalishwa tarehe 20 Julai 1885. Angalia tarehe hiyo. Ni miaka 14 kamili tangu siku aliyotoa pendekezo la kombe. Sidhani kama kuna mtu aliyeipanga iwe hivyo, ila mimi napenda mambo yakipatana.

Na gharama yake? Timu yake mwenyewe ilikufa. Wanderers walikuwa wamekwisha kuanza kukosa wachezaji, kwa sababu kila mtu alirudi kuchezea timu ya shule aliyosoma. Msimu wa 1878-79 waliingia uwanjani kama mabingwa wakafungwa na Old Etonians mechi yao ya kwanza, na baada ya miaka michache hawakuonekana tena. Alcock hakuwahi kushinda kombe jingine kama mchezaji. Alikuwa refa wa fainali mbili, ya 1875 na ya 1879. Mwaka 1875 pia alikuwa kapteni wa England dhidi ya Scotland, akafunga bao, ikawa 2-2.

Kombe lenyewe lilipatwa na ajali. Septemba 1895 Aston Villa, waliokuwa mabingwa, waliliweka katika dirisha la duka la viatu mjini Birmingham ili watu walitazame. Usiku wezi wakaingia, wakaondoka nalo. Villa wakatozwa faini ya pauni 25, na kombe jipya likatengenezwa kwa kuiga lile la zamani. La kwanza halikupatikana tena. Mwaka huo huo wa 1895 Alcock aliacha ukatibu wa FA baada ya miaka 25.

Alifariki Brighton, mji wa pwani ya kusini, tarehe 26 Februari 1907, akiwa na miaka 64. Akazikwa London, katika makaburi ya West Norwood. Mashindano ya kombe ya mwaka ule yalikuwa yakiendelea. Fainali ikachezwa Crystal Palace tarehe 20 Aprili, The Wednesday ya Sheffield ikaifunga Everton 2-1. Timu zote mbili zilikuwa za kaskazini, na watu zaidi ya 80,000 walijaa kuzitazama. Wengi wao walikuwa wamekuja kwa gari la moshi.